Banda la Makuti Likivunjwa, Ujuzi Hubaki kwa Nani?

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, ambaye ni muuguzi, katika sherehe yetu ya Siku ya Uhuru. Tunaichapa hapa kwa ajili ya familia zote, hasa vijana.)



Tunaishukuru kamati kwa nafasi hii. Walipotuambia kwamba mwaka huu zamu ya hotuba ni ya sisi tulio katika kazi ya uuguzi, wengi wenu mlitarajia tuje kuwasema kuhusu chumvi, sukari na presha. Msiwe na wasiwasi. Mashine ya presha iko pale mlangoni, na hakuna atakayegusa biriani kabla hajapimwa. Lakini maneno tuliyokuja nayo leo ni ya bahari: vyombo vya wazee wetu, mabanda vilimojengwa, na nani atakayeujua mambo hayo baada yetu.

Mtauliza, muuguzi na jahazi wapi na wapi? Sababu ni hii. Wodini, kila asubuhi na kila jioni, zamu moja huikabidhi nyingine. Anayetoka hupita kitanda baada ya kitanda na kusema: huyu hakulala, huyu amekula kidogo, huyu dawa fulani inamdhuru. Neno lisiposemwa wakati ule, anayeingia hatalijua, hata awe na shahada tatu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Neno limepotea tu kati ya mtu na mtu, na anayeumia ni mgonjwa. Urithi wetu wa bahari uko katika saa hiyo ya kukabidhiana. Wazee wanatoka, sisi tunaingia, na watoto wetu wamesimama mlangoni wakisubiri zamu yao.

Na siku ya kulisema hili ni leo. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Kenya ilipandishwa, na neno ambalo taifa lilichagua kuliweka kwenye ngao yake ni la Kiswahili: Harambee. Watoto, Harambee ni mwito wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja. Ukitaka kuona maana yake kwa macho, nenda ufukweni siku ya kushua chombo kipya, wakati mji mzima umeshika kamba.

KABLA YA MSUMARI

Tuanze mbali kidogo, ili watoto wetu wajue wanatoka wapi. Karibu miaka 2,000 iliyopita, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki aliacha maelezo ya safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Kitabu hicho hujulikana kama Periplus. Ndani yake anataja mji wa biashara katika pwani yetu ya Afrika Mashariki uitwao Rhapta, na anaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Kwa hiyo, Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 na kutafuta rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, hakuikuta bahari tupu inayomsubiri yeye. Alikuta watu waliokuwa wakiijua kazi yao kwa karne nyingi.

Chombo kilichoshonwa ambacho wazee wetu walikijua zaidi ni mtepe. Mtepe ulijengwa hasa visiwa vya kaskazini, Lamu, Pate na kwa Wabajuni. Mbao zake hazikupigwa msumari. Zilitobolewa, zikaunganishwa kwa vijiti vya mti, kisha zikashonwa kwa kamba ya usumba, ubao kwa ubao, na matundu yakazibwa. Tanga lake lilikuwa la mraba, limesukwa kwa majani kama mkeka. Sisi ambao kila siku tunaona majeraha yakishonwa tunaelewa uzuri wa kazi hiyo. Mshono hushika, lakini pia hukubali kunyumbuka. Mtepe ukipanda mchangani au ukiguswa na wimbi, ulijikunja kidogo, haukupasuka.

Na hapa tuwasimamishe kina mama zetu. Watu wakizungumzia vyombo hutaja fundi, nahodha na baharia, wote wanaume. Lakini kamba ya usumba ilitoka wapi? Makumbi ya nazi hufukiwa katika tope la ufukweni, mahali maji hujaa na kupwa, yakakaa huko kwa miezi. Kisha hufukuliwa, hutwangwa mpaka nyuzi zibaki peke yake, hukaushwa na kusokotwa. Pwani yetu kazi hiyo imekuwa mikononi mwa wanawake, kama ilivyo kazi ya kusuka mikeka. Chombo kilichoshonwa kwa usumba hakiendi popote bila mikono ya mama. Binti zetu walijue hilo.

Mtepe ulidumu hadi miaka ya 1930, kisha ukatoweka baharini. Leo utauona kama mfano mdogo katika makumbusho, Lamu kwa mfano. Vilivyobaki ni vyombo vya misumari: jahazi, mashua, dau, na ngalawa yenye mbawa zake mbili. Hivyo bado vipo. Suala ni vitakuwepo kwa muda gani.

NYUMBA ZA MASHUA ZA PORTSMOUTH

Sasa tuje huku tunakoishi. Kutoka London hadi Portsmouth kwa treni ni chini ya saa mbili. Familia nyingi zimewapeleka watoto huko kuona meli ya HMS Victory, au Mary Rose, ile meli ya Mfalme Henry wa Nane iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982. Lakini wengi hupita bila kuangalia majengo yaliyo kando: nyumba za mashua za jeshi la wanamaji. Zina namba tu, namba 4, 5, 6 na 7. Namba 6 ni ya miaka ya 1840, ya matofali na mihimili mizito ya chuma. Namba 5 na 7 ni za mbao, zimesimama juu ya nguzo pembeni mwa bwawa ambamo zamani walihifadhi miti ya milingoti majini ili isikauke na kupasuka. Namba 4 ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, Uingereza ilipokuwa ikijiandaa kwa vita.

Waingereza hawazihitaji tena nyumba hizo kwa vita. Wangeweza kuzibomoa wakajenga maduka. Badala yake wamezitunza, na jambo tunalolipenda zaidi ni la namba 4. Baada ya kukarabatiwa ilifunguliwa mwaka 2015 kuwa mahali pa kufundishia ufundi wa mashua za mbao. Mgeni anaweza kusimama juu na kutazama chini mafundi wakifanya kazi. Hawakuhifadhi kuta peke yake. Walirudisha ndani yake sauti ya nyundo.

Tunasema haya kwa sababu mtoto akitoka Portsmouth anaweza kutuuliza: je, kwetu hakuna? Waingereza wana nyumba za mashua zenye karne mbili, sisi tuna nini? Mzazi asiyejua atanyamaza, na mtoto ataondoka akidhani kwao hapakuwa na kitu.

BANDA LETU

Jibu ni kwamba tunayo, ila haikujengwa ili idumu. Nenda Matondoni, kile kijiji cha mafundi katika kisiwa cha Lamu. Chombo kinajengwa ufukweni, chini ya mti au chini ya banda la makuti. Banda hilo ni nguzo chache na makuti juu, ili jua lisimchome fundi na lisizipasue mbao. Chombo kikiisha, banda linavunjwa au linaachwa linyeshewe. Kikianza chombo kingine, linasimamishwa jingine. Zamani hata majahazi yenyewe, msimu wa kusi kali unapofika na safari kusimama, yalipandishwa pwani na kuezekwa makuti mpaka bahari itulie.

Kwa hiyo hatuna ukuta wa kumwonyesha mtalii. Kilichokuwa kikidumu ni mahali na ujuzi. Mahali, kwa sababu ufukwe ule ule baba alipojenga ndipo mwana alipojenga. Na ujuzi, kwa sababu haukuwa kwenye karatasi. Fundi wa jahazi hana ramani. Ana shibri, dhiraa, kamba na jicho. Hulaza mkuku kwanza, husimamisha fashini za omo na tezi, kisha huja mbao na mataruma. Kwa mataruma hatafuti mti ulionyooka. Hutafuta mti uliopinda wenyewe, mwembe au mkomafi, kwa sababu tawi lililoota limepinda lina nguvu kuliko ubao uliokatwa ukapindishwa. Anapopita msituni anaona mbavu za chombo zimesimama juu ya miti. Hilo si jambo la kusoma kitabuni.

Msumari haupigwi hivi hivi. Tundu hutobolewa kwanza kwa keekee, ile inayozungushwa kwa kamba na upinde. Mbao zikishakaa, huja kalafati: pamba iliyotiwa mafuta hupigwa kwa patasi katikati ya kila ubao na mwenzake, mpaka maji yasipate njia. Sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, ili wadudu wanaotoboa mbao baharini wasiile. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa. Wazee hapa mnacheka kwa sababu mnaikumbuka harufu yake!

Kisha husubiriwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana, na chombo hushuliwa. Tajiri mwenye chombo hupika, watu huvuta kwa nyimbo, na kijana aliyekuwa akichota maji na kuokota vipande vya mbao tangu siku ya kwanza ameshajua jambo ambalo hakuna aliyemkalisha kumfundisha.

Sisi tuliosomea uuguzi katika nchi hii tulitakiwa tutimize saa 2,300 za kazi kwa vitendo kabla ya kuandikishwa. Kitabu peke yake hakikutosha. Ilibidi mtu mwenye uzoefu atuone tukifanya, atusahihishe mkono, kisha atutilie sahihi. Banda la makuti lilikuwa chuo cha namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wazee wetu hawakutoa cheti, na kwa kuwa hawakutoa cheti, sisi wenyewe tuliosoma tulianza kuona kwamba ile haikuwa elimu. Tuiondoe fikra hiyo leo. Mtu anayeweza kujenga kwa jicho chombo cha kubeba tani nyingi, kikaelea sawasawa siku ya kwanza, ni msomi.

BAHARI ILIYOMO MIDOMONI MWETU

Watoto, mnadhani nyinyi hamna habari na bahari kwa sababu mlizaliwa Reading au Leicester? Mkisema kaskazini na kusini, mnataja pepo. Kaskazi ni upepo unaovuma kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi kuanzia kama Desemba hadi Machi. Kusi ni ule unaovuma kinyume chake katikati ya mwaka. Wazee wetu waliitaja dunia kwa pepo zinazowapeleka na kuwarudisha. Mkiangalia mpira na mtangazaji akasema nahodha wa Harambee Stars, neno hilo ni la mwenye kuongoza chombo. Mkisikia kiongozi ameshika usukani, au mradi umekwenda mrama, au mtu ametia nanga mahali, hayo yote yalitoka baharini kabla ya kuingia katika habari za saa moja.

Kwa kaskazi hiyo vilikuja vyombo kutoka Sur, Kuwait na Hadhramaut, vikileta tende, chumvi na samaki mkavu. Kwa kusi vilirudi na boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji, na ndizo zilizoezeka nyumba nyingi za Arabuni kusikoota miti ya kutosha. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi moja la Kuwait mwaka 1938 na 1939 mpaka Zanzibar na Rufiji, akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Ndugu zetu walio Oman wanajua kwamba familia nyingi zina jamaa pande zote mbili za bahari kwa sababu ya pepo hizo mbili. Kabla ya pasipoti na viza, watu wetu walikuwa wakiishi ng'ambo na kurudi. Sisi si wa kwanza.

KILICHOBADILIKA

Tusije tukadanganyana kwamba mambo yalikuwa mazuri tu. Kazi ya chombo ilikuwa ngumu, na bahari iliwameza watu. Meli za chuma, malori na barabara, kisha utajiri wa mafuta katika nchi za Ghuba, viliimaliza ile biashara ya msimu. Miti mikubwa kama mbambakofi na mvule imekuwa adimu na ghali. Mikoko nayo inahitaji kulindwa, maana ndiyo mazalia ya samaki na kinga ya ufukwe, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Na sasa kuna maboti ya faiba yenye injini, ambayo hayahitaji kalafati wala hayangoji upepo.

Kama wauguzi, hatuwezi kuyalaani maboti hayo. Mama mwenye uchungu aliye Kiwayu au Ndau anahitaji kufika hospitalini Lamu, na haijalishi kama upepo umekata. Kwa ajili yake tunataka injini, tena nzima na yenye mafuta. Hatusemi kila mtu arudi kwenye tanga. Tunasema kwamba kitu kinapoacha kuwa lazima kwa kazi, ndipo kinapohitaji watu wa kukishika kwa makusudi. Portsmouth hawakuacha kutengeneza manowari za chuma ili watunze mashua za mbao.

Kuna pia suala la mahali. Bandari mpya ya Lamu ilianza kupokea meli mwaka 2021. Kabla ya hapo wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Maendeleo tunayataka, na vijana wetu wanataka kazi. Lakini kesi ile ilionyesha kwamba mtu wa pwani ana haki ya kuulizwa kabla ufukwe wake haujaguswa. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Ufukwe wa kujengea vyombo ni utamaduni, hata kama hauna kuta.

Na kuta zenyewe si dhamana. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Pale Zanzibar ilisimama Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, na katika ua wake wa ndani wageni walikuwa wakionyeshwa mtepe uliojengwa upya. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba lile iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Tuwakumbuke. Tukumbuke pia kwamba jumba linaweza kuanguka kwa dakika moja. Ujuzi uliomo katika mikono ya watu hamsini hauanguki wote siku moja.

Walio jirani zetu wameliona hilo. Mjini Sur, Oman, wapo waliokitafuta chombo chao kiitwacho Fath al-Khair, kilichojengwa pale mwaka 1951, wakakirudisha kutoka Yemen mwaka 1993, na leo kimewekwa watu wakione. Huko huko Sur, mwaka 1980, kilijengwa chombo cha kushonwa kwa kamba za nazi kiitwacho Sohar, kikasafiri kutoka Muscat hadi China. Walithibitisha kwamba mshono wa wazee haukuwa hadithi.

Na sisi hatukulala. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi la Flipflopi kwa taka za plastiki na kulifunika kwa vipande vya ndara zilizookotwa ufukweni. Walilishua mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri kama kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar. Watu wengi walishangilia rangi zake. Sisi tulishangilia jambo jingine: mbao zilikuwa za plastiki, lakini umbo lilikuwa la jahazi, na waliojua umbo hilo ni mafundi waliolipokea kwa baba zao. Bila banda la makuti la zamani, lisingekuwepo jahazi la plastiki la leo.

TUFANYE NINI HUKU TULIKO

Tumekuja na mambo manne, Mheshimiwa Mwenyekiti, na tunaomba kamati iyaangalie.

La kwanza, maneno. Katika jumuiya hii tuna wazee waliosafiri kwa majahazi, waliouza samaki, waliosokota kamba. Kila familia imchukulie simu babu au bibi yake, wamrekodi akitaja sehemu za chombo, majina ya pepo, majina ya samaki, na alivyokuwa akijua saa bila saa. Tusingoje mpaka alazwe. Sisi tunawaona wazee wodini. Wengine kumbukumbu zikianza kuwaponyoka, ya jana hupotea kwanza na ya utotoni hubaki. Mzee aliyesahau alichokula asubuhi anaweza kukueleza jinsi ya kupaka deheni mwanzo hadi mwisho. Mwulize. Kwanza utapata elimu, na pili atafurahi kuona kwamba bado ana la kufundisha. Hiyo nayo ni tiba.

La pili, safari za likizo. Tunapokwenda nyumbani tunawapeleka watoto hotelini, kwenye bwawa la kuogelea lililo hatua ishirini kutoka baharini. Tuwatengee siku moja ya banda. Wapelekwe Matondoni au kwa mafundi wa mahali popote walikotoka wazazi, wasalimie kwa adabu, waombe ruhusa kabla ya kupiga picha, wakae kivulini watazame. Na tusiende mikono mitupu. Fundi yuko kazini, muda wake una thamani. Kama tunaweza kununua, tununue kwake mfano wa jahazi uliochongwa kwa mkono, badala ya sanamu za dukani ambazo hatujui zimetoka wapi.

La tatu, jumuiya iandae safari ya Portsmouth wakati hali ya hewa ikiwa nzuri, watoto na wazee pamoja. Mzee asimame pale juu ya nyumba namba 4, amwambie mjukuu wake: lile shoka dogo mkononi mwa yule kijana, kwetu tunaliita tezo. Ile kazi anayofanya katikati ya mbao, kwetu ni kalafati. Mtoto ataona kwamba babu anajua jambo ambalo Waingereza wamelijengea chuo. Hakuna hotuba inayoweza kumpa heshima hiyo.

La nne ni kwa wazazi. Kama mwanao anapenda mbao, vifaa na mikono yake, usimlazimishe awe daktari. Wala usimlazimishe awe muuguzi, ingawa tunahitaji wauguzi! Nchi hii ina vyuo vya kufundishia mashua za mbao. Kijana wetu mmoja akijifunza huku, kisha akaenda kukaa na fundi wa Lamu miaka miwili, ataijua kazi pande zote mbili. Huyo ndiye anayeweza kuandika vipimo ambavyo hakuna aliyewahi kuviandika.

Wazee walisema: tezi na omo, marejeo ngamani. Watoto, omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na ngama ni kule chini ndani, ambako maji yote hukusanyika. Ukienda mbele, ukienda nyuma, mwisho utarudi ngamani. Wengine wetu tumekwenda London, wengine Muscat, wengine Toronto. Ngama yetu ni hapa, katika lugha hii na katika kukaa pamoja namna hii.

Kwa hiyo, wazee wetu, kabla hamjatoka zamu tunawaomba mtukabidhi kila kitu, hata lile mnaloliona dogo. Sisi tulio katikati tusione haya kuuliza. Na nyinyi watoto, mkishakula, kila mmoja atafute mzee mmoja humu ukumbini na amwulize jina la sehemu moja tu ya jahazi. Kabla ya keki kukatwa tutapita mezani kwenu kusikia mmepata nini. Atakayeleta jina ambalo hakuna mwingine amelileta atakata kipande cha kwanza pamoja na mzee aliyemfundisha.

Heri ya Siku ya Uhuru. Mungu aibariki Kenya, awabariki mabaharia na mafundi wake, na atujalie sote kufika salama.

Sasa tafadhali, foleni ya presha ianzie pale kulia.